Maji ya Moto Kwenye Supu ya Baba

Kaka yangu mpendwa Kunihiko,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Yoriko na watoto mkiwa wazima, na kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi huku Nagano tunapumua, tunashukuru. Theluji imetufungia mlango wa nyuma, lakini Baba ameshaanza kupogoa miti ya matufaha. Nimemwambia angoje jua lirudi kwanza. Hasikii, unamjua.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimenuna. Unasema nimemgeuza Baba mfungwa nyumbani kwake. Unasema mzee wa umri ule, aliyeshika jembe tangu utoto, aachwe ale anachokipenda. Tena eti achari niliyowatumia safari hii haina ladha, majani matupu yaliyooshwa. Umeniuma, kaka. Lakini hukosei kuuliza, maana sikukuambia yote. Niliapishwa ninyamaze, na leo aliyeniapisha amenifungulia mdomo mwenyewe. Kwa hiyo jimiminie chai, kaa chini, umsikilize mdogo wako.

Unakumbuka tulivyolelewa. Asubuhi supu ya miso, ile soya ya Mama iliyochachushwa kwa chumvi pipani, mchana supu ya miso, jioni hiyo hiyo. Jirani akichungulia tu mlangoni, chai inamiminwa na bakuli la achari linawekwa katikati, na mgeni asipoongeza Mama ananuna mpaka kesho. Nani aliona ubaya? Chumvi ndiyo iliyowavusha wazee wetu majira ya baridi, na kwetu ilikuwa ndiyo ukarimu wenyewe. Hata mwaka juzi Mama alipoanguka bafuni asiinuke tena, tuliwaambia watu ni baridi. Daktari alitamka presha, presha ya miaka mingi, sisi masikio yetu yakasikia baridi.

Basi majira ya kuchipua Baba naye akapimwa kliniki, na daktari akarudia kupima akidhani mashine imeharibika. Akamweleza kwa upole kwamba mishipa ya damu haiharibiwi na mlo mmoja. Inachoshwa kidogo kidogo, bakuli kwa bakuli, mpaka siku inapokataa. Apunguze chumvi, atembee, na pombe yake ya sake iwe kikombe kimoja tu. Baba akainamisha kichwa kwa adabu zote, ndiyo daktari, asante daktari, na njiani kurudi akaniambia yule ni mtoto wa juzi, anajua nini kuhusu supu.

Lakini nyumbani alinishangaza. Kila nikimpa supu yake, anachukua birika na kuiongezea maji ya moto, bila kukumbushwa na mtu. Nikajisifu moyoni kwamba hatimaye mzee ameshika adabu. Akaja Bi Oguchi, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Siku hizi ni mmoja wa akina mama wa afya, wanaopita nyumba hadi nyumba na kijiti cha kupima chumvi kwenye supu za watu. Akakichovya kwenye supu ya Baba, namba ikatoka ndogo, akampigia makofi, na Baba akavimba kichwa. Ndipo Bi Oguchi akalitazama bakuli lenyewe. Halikuwa bakuli la supu, kaka, lilikuwa lile bakuli kubwa la tambi! Na Baba akalinyanyua mbele ya mgeni akalimaliza hadi tone la mwisho. Bi Oguchi alicheka mpaka akashika mlango. Akamwambia, mzee wangu, tangu lini maji yakala chumvi? Iliyokuwemo umeimeza yote, umeiogesha tu kwanza. Baba akamjibu kwamba supu ni yake na tumbo ni lake.

Mimi sikucheka. Niliona mzee ananichezea shere. Bi Oguchi alipoondoka nikaenda stoo, nikafunua pipa la miso, nikashika mwiko, nia yangu niimwage yote shambani. Baba akanifuata na soksi, hata viatu hakuvaa, akasimama kati yangu na pipa. Akaniomba. Baba yetu, kaka, yule ambaye hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti, aliniomba. Akasema hilo ndilo pipa la mwisho alilosindika Mama kwa mikono yake, na likiisha hakuna jingine. Yale maji ya moto hayakuwa ya kumtii daktari wala ya kunidanganya mimi. Alikuwa anairefusha miso ya mkewe. Alijidanganya pia kwamba akiizimua hivyo anatumia kidogo, kumbe kila siku bakuli linazidi kuwa kubwa. Nikashindwa, nikalia palepale. Akaniambia nisilie ndani ya pipa, chumvi iliyomo inatosha.

Nikarudisha kifuniko. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Tukaendelea hivyo hivyo mpaka Novemba.

Unajua kwamba kila asubuhi Baba humpelekea Mama wali wa kwanza kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, anagonga kengele, anamwita jina. Alipokuwa hai hakumwita jina hata siku moja. Ilikuwa "we" au "hebu chai". Jina lake alianza kulitumia baada ya kumzika. Asubuhi hiyo nilisikia kengele, kisha kimya, kisha kengele tena. Nikaingia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya picha, mdomo umemwendea upande, chai imemwagikia mapajani. Akanionyesha picha kwa kidole, na macho yake yakawa yananiuliza. Jina lilikuwa limempotea. Mitsue, kaka. Alilitafuta jina la mama yetu mdomoni mwake na hakulipata.

Hospitali walisema ni kiharusi kidogo, cha kuonya. Jioni maneno yalirudi, na jina likawa la kwanza kurudi. Lakini daktari hakutuficha: kingine kinaweza kuja, na hicho huenda kisirudishe kitu. Baba akaniapisha nisikuambie, kwa sababu ungeacha kazi ukaja mbio, naye aliona aibu. Kesho yake, akiwa bado kitandani, aliniambia maneno ambayo siwezi kuyasahau. Alisema, "Nilikuwa nainywa ile miso ili nisimsahau. Sasa chumvi yake ndiyo iliyonisahaulisha. Nimefaidi nini, Chizuru?" Nikamkunjia blanketi miguuni.

Tuliporudi nyumbani pipa alilifunga kwa mkono wake. Sasa miso ya Mama anakunywa kibakuli kimoja tu kila mwezi, tarehe aliyofariki, na hakiongezei maji. Siku nyingine anakunywa supu yangu, anaiita maji ya kuoshea mchele, anakula mboga na mchuzi anauacha. Asubuhi anatembea kando ya mfereji na Bi Oguchi, wanagombana njia nzima, na presha inashuka. Huyo ndiye mfungwa wangu.

Na achari zenu kweli zilioshwa. Baba ndiye aliyeniagiza. Alisema presha ya Mama pengine ilianza akiwa na umri ulio nao wewe sasa, na wewe unamimina mchuzi wa soya kabla hujaonja, tangu ukiwa mtoto. Anakuogopea, kaka, kuliko anavyojiogopea. Kwa hiyo nakuomba, na yeye anakuomba: nenda kapimwe presha wiki hii. Ukija Mwaka Mpya usilete samaki wa chumvi, lete jibu la daktari.

Nisalimie sana wifi Yoriko, mwambie asinikasirikie kwa ukali wa mdomo, ni upendo. Watoto wabusu wote, hata yule mkubwa asiyetaka kubusiwa. Bi Oguchi anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa bata.

Na usingoje siku ya mwisho ya mwaka kusafiri. Juzi Baba alianza kunisimulia jinsi alivyomchumbia Mama, habari ambayo wewe na mimi hatukuwahi kuisikia, kisha akakatiza katikati. Amesema atatusimulia sote wawili pamoja, na anataka kuisema kwa kinywa chake mwenyewe, maneno yangali naye. Njoo mapema, kaka yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Chizuru