Saa Sita kwa Muzee Amissi

Jumatatu, 18 Juni 1962

Nimeshiba! Naandika nimelalia tumbo kwenye mukeka, uani kwa Muzee Amissi, hapa Rumonge. Cherehani zote kimya. Fundi Maneno anakoroma tayari, kofia usoni.

Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Adhana ya adhuhuri ikilia, Muzee anasimamisha mguu hata kama sindano iko katikati ya shati. Yeye na Maneno wanaenda kuswali. Mimi, Bora, Mukristo, binti wa Uvira, kazi yangu vifungo na pindo, namsaidia Mama Kadidja, mke wake Muzee, kuteremsha chungu. Halafu sinia moja kwa wote. Majirani wanasema si adabu, wanaume na wanawake sinia moja. Mama anawajibu: wote hawa ni watoto wangu, hata huyu muzee. Tukimaliza, tunalala kidogo. Hakuna anayeshika uzi mpaka kivuli cha ukuta kifike mulangoni.

Leo bugali wa muhogo, sombe ya majani yake, na ndagala, visamaki vya ziwa, wa kukaanga kwa mawese. Katikati ya kula akaingia Mwalimu Léonard. Anataka mashati meupe—ya shule nzima! Watoto wake wataandamana siku ya Uhuru, Jumapili ya tarehe mosi. Wakubwa wake walitaka kazi iende Usumbura, mji mkuu, yeye akabisha: Rumonge iko na mafundi. Muzee alisimama akampa mkono mara mbili.

Mama akamkaribisha chakula. Akasema murakoze, asante, nimeshakula. Hapo hapo tumbo lake likanguruma. Tulisikia wote! Maneno alicheka mpaka akapaliwa. Mwalimu akatoka mbio, karibu agonge mulango. Murefu, mwenye haya. Na kola yake haijui pasi kabisa.

Jumanne, 19 Juni

Kitambaa kimefika na kamyo. Majora yamepangwa mpaka dirishani. Muzee anakipapasa kama anapapasa mutoto muchanga. Na anaimba! Sijawahi kumsikia akiimba.

Alhamisi, 21 Juni

Asubuhi Muzee alituita. Kuanzia leo hakuna kukaa. Kuswali, ndiyo; kisha kila mutu na sahani yake, kwenye kazi yake. Uhuru hautatungoja tumalize kula, anasema. Tukishindwa, mafundi wa Usumbura watatucheka mpaka tuzeeke. Maneno akasema ndiyo, Muzee. Na mimi.

Mama Kadidja akaegemeza sinia ukutani. Alitugawia sahani kama anagawia wafungwa. Naandika haraka, sahani iko magotini.

Ijumaa, 22 Juni

Sina nafasi. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 23 Juni

Vita!

Maneno alikuwa anakula kwa mkono wa kulia, anasukuma kitambaa kwa wa kushoto. Tonge la sombe likamponyoka. Paa, kifuani pa shati jeupe! Tulitia sabuni, tukatia ndimu, tukatia majivu. Doa likakua. Sasa ni jekundu kama jua linalozama upande wa Kongo.

Muzee akapiga kelele. Yeye ambaye hapigi kelele hata kwa mbuzi! Akamuuliza bibi yake kwa nini anapika chakula cha mafuta mengi namna hii. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

—Mafuta? Miaka yote mawese iko kwenye sinia, nguo iko kwenye cherehani. Nani amezikutanisha?

Muzee akashusha sauti kidogo. Ni siku chache tu, bibi yangu. Ni kwa ajili ya Uhuru.

—Wakati wa Wabeleji tulikula tumekaa. Sasa huu ni uhuru gani, wa kudonoa kama kuku?

Muzee akasema mashini haziwezi kusimama.

—Basi. Mimi sipikii mashini.

Akabeba chungu, na chakula chetu ndani, akaingia nacho nyumbani. Maneno akabaki analamba kidole.

Jumapili, 24 Juni

Nikitoka misa nilipita kuwaamkia. Nyumba baridi. Mama amepanda kamyo ya asubuhi, ameenda Minago kwa dada yake, Biasha. Amechukua chungu kikubwa na mwiko. Maneno anasema angechukua nguo tu asingeogopa. Lakini chungu!

Muzee alikuwa amekaa kizingitini. Hakuna kazi mkononi. Aliniuliza misa ilikuwa nzuri? Mimi nikasema ndiyo. Akaniuliza tena.

Jumatatu, 25 Juni

Muzee amepika mwenyewe. Bugali chini umeungua, juu ni uji. Tulikula kila mutu kwenye kazi yake na hakuna aliyemuangalia mwenzake.

Kazi yenyewe haiendi. Muzee ameunga mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akauunga vile vile. Mimi nimeshona vifungo mgongoni. Maneno hasemi hata neno la kuchekesha, naye jina lake ni Maneno!

Mchana akaja Mwalimu na ndizi mbivu. Aliuliza Mama iko wapi. Maneno akamuonyesha mahali pa chungu kikubwa, patupu. Akaelewa, akakaa kwenye kigoda karibu yangu. Akaniambia polepole kwamba siku ile alitudanganya, alikuwa na njaa sana. Tangu mama yake afariki anakula peke yake jikoni, amesimama, na alipoona sinia na watu wamelizunguka, akaona haya. Nilimpa ndizi niliyokwisha kumenya. Tukala.

Jumanne, 26 Juni. Minago

Muzee amenituma! Alisema: nenda kamuangalie Mama yako kama ni mzima. Nikamuuliza nimwambie nini kingine. Akatazama cherehani. Mwambie tu namsalimia.

Nimepanda kamyo ya mawese, nimekaa juu, kati ya mapipa. Upepo! Ziwa upande mmoja, michikichi upande mwingine, na abiria wanaimba njia nzima, kila mutu anasema Uhuru, Uhuru, hata mwenye jino bovu.

Mama alikuwa anaanika ndagala na Mama Biasha. Alinikumbatia, akanitazama uso, akasema umekonda. Siku tatu tu! Akanikalisha, akaniletea samaki mzima, mukeke wa kuchoma. Ndipo akaniambia.

—Bora, wewe bado hujaolewa, nisikilize. Alfajiri huyu mwanaume iko na nguo za watu. Jioni iko na wazee wa musikiti. Mimi namuona saa sita tu. Saa sita ananiuliza nimelalaje, mgongo unauma? Saa sita anacheka. Sasa ameichukua hata hiyo, na hakuniuliza.

Nilidhani wamegombana kwa sababu ya doa. Nilitaka kulia, na mukeke ulikuwa mtamu mno.

Nalala hapa leo.

Jumatano, 27 Juni

Amekuja! Muzee Amissi mwenyewe, juu ya baiskeli ya Maneno! Kutoka Rumonge! Suruali imechanwa na mnyororo, fundi mzima, kanzu imeloa jasho mpaka inaonyesha mbavu. Watoto wa Minago walimfuata wakishangilia, walidhani ni mashindano ya Uhuru.

Mama alimuona tangu mbali. Akaingia ndani, akatoka na kilemba kipya. Halafu akajifanya anapanga ndagala.

Muzee akasalimu, amahoro. Mama akaitika. Akasema kuna maji ya kunawa pale. Saa sita ilikuwa imefika. Mama Biasha akatandika mukeka, tukakaa wote wanne, na Muzee hakuuliza kuhusu kurudi, hakutaja mashati. Alikula polepole. Kisha akamgeukia bibi yake.

—Mgongo wako unauma?

Mama akasogeza sinia karibu yake.

—Jana uliuma. Leo hapana.

—Cherehani yangu imekataa kazi tangu uondoke.

—Cherehani?

—Mimi. Mimi nimekataa kazi.

Akajilaza pale pale, kofia usoni. Akalala! Kweli, akalala, akakoroma! Mama akaniangalia, akaziba mdomo kwa kilemba, mabega yanatikisika. Amekuja kuniomba nirudi, anasema, na amelala kabla ya kuniomba! Tulicheka mpaka Mama Biasha akamwaga chai.

Jioni tumerudi na kamyo. Baiskeli juu, chungu juu. Mama alikaa na dereva. Muzee alikaa juu na mimi, akashika chungu kwa mikono miwili njia yote.

Ijumaa, 29 Juni

Jana na leo tumekaa! Sinia moja. Muzee ametamka mbele yetu wote kwamba saa sita ni ya Mama, Uhuru au si Uhuru.

Sitajidanganya, mashati ni mengi bado. Mama mwenyewe sasa anashika sindano asubuhi, vifungo vyake vinashinda vyangu. Lile shati lenye doa, Maneno amelitia mfuko kifuani, juu ya doa kabisa. Ndilo shati pekee lenye mfuko. Mutoto atakayelivaa kesho kutwa atajiona mukubwa wa shule.

Na mimi nimepiga pasi kola ya Mwalimu. Alikuja kuhesabu mashati, nikamwambia vua koti, lete shingo hapa. Maneno akasema shingo haipigwi pasi na mutu ndani yake. Basi Mwalimu akavua shati akakaa na koti tupu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mama Kadidja aliangalia paa.

Jumamosi, 30 Juni

Saa sita. Ngoma zinalia kule kiwanjani, wanafanya mazoezi ya kesho, ardhi inatetemeka mpaka chini ya mukeka. Barabara nzima imejaa matawi ya michikichi. Watu wa Gatete wameanza kufika kwa miguu, na nguo mpya vichwani.

Na ndani kwetu rundo la mashati bila vifungo liko juu kuliko cherehani! Asubuhi nililihesabu mara mbili. Nikasema Muzee, leo tu, tule tukishona. Muzee akamtazama Mama. Mama akanitazama mimi. Nikaenda kunawa.

Tumeanza kula sasa hivi. Naandika kwa mkono wa kushoto, vibaya—

Mwalimu! Anakuja mbio, jasho tupu. Amesimama mulangoni, anatazama rundo, anatazama sinia. Anasema watoto wataandamana kesho asubuhi. Kesho asubuhi, Muzee! Muzee anasema tunajua, Mwalimu. Karibu.

Amevua kiatu kimoja. Bado anatazama mashati. Mama Kadidja amesimama mbele yake na birika la kunawa, haondoki. Sasa cha pili. Ananyoosha mikono, maji yanamwagika.

Anatafuta mahali pa kukaa. Maneno amepanua magoti makusudi, nafasi imebaki kwangu tu, mushenzi huyu. Mama anasema: Bora, sogea.

Nasogea. Lakini si sana.