Nguo Ndogo Ulizonishonea

Midia, Koboko
Desemba 1978

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Régine,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Anicet na wote mlio hapo Arua. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti lako limepunguza ukaidi. Sisi huku tunaendelea. Mvua zimekatika, mihogo imeanikwa, na malori ya askari yanapita barabarani hata kuku wamechoka kuyakimbia.

Kifurushi chako kilifika salama. Nilizitandaza zile nguo ndogo zote kitandani: ile ya maua ya njano, ile yenye kola, na kofia, ambayo wewe mwenyewe unajua ilikushinda. Nimekawia kushukuru na najua umeninunia. Binamu yetu Elena alipotoka kunitembelea alikuambia siku zangu zimekoma, mengine akayaacha, nawe ukaamini nina mimba, ukaketi kwenye cherehani. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini. Leo sitaiweka.

Unajua nilivyoishi hapa. Mwaka wa pili wa ndoa siku zangu zilipotea, kisha matiti yakaanza kutoa maziwa, mimi ambaye sijawahi kubeba mimba. Nilikuwa nikikunja kitambaa ndani ya blauzi. Siku moja tukipalilia karanga, kitambaa kikadondoka, na mama mkwe akaona blauzi imelowa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni: “Maziwa hii iko ya mutoto gani?”

Wazee wakakaa kikao. Wakakubaliana kwamba maziwa hayaji bila mtoto, kwa hiyo mtoto yupo: nilimzaa Kongo kabla ya kuolewa, nikamtupa, naye ndiye aliyefunga tumbo langu. Hawakunipiga wala kunifukuza. Walitaka nitaje jina lake tu, wapate kumwomba radhi. Yaya, nimeulizwa miaka yote hii jina la mtu ambaye hakuzaliwa. Wake wa shemeji zangu walikatazwa kunipa watoto wao niwabebe. Mume wangu Jale hakuyaamini maneno yale, lakini hakuyakanusha pia, na mwishowe akamwoa Eyotaru wa Manibe.

Ndipo uliponishika mkono ukanipeleka kwa yule daktari mama wa misheni. Unakumbuka alivyouliza kama kichwa huniuma, kama naona vizuri pembeni mwa macho. Halafu akatueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi, nayo hutoa homoni, yaani amri zinazosafiri ndani ya damu. Amri moja huleta maziwa. Kwangu hiyo imezidi, na ikizidi huzizuia zile zinazoyaamsha mayai ya uzazi. Mwili wangu, alisema, unadhani unanyonyesha. Wewe ulidhani ninalia kwa kuogopa ugonjwa. Nililia kwa sababu hatimaye mtu mmoja alisema sikumtupa mtoto.

Vile vidonge shemeji alivyovitoa Kongo ndani ya debe la mawese nilivimeza kwa utii, na harufu yake ya mawese. Maziwa yakakauka. Kisha siku zangu zikarudi, nikafua vitambaa vyangu mtoni nikiimba kama msichana. Daktari alinionya nisichezee muda, maana katika umri wangu kila mwaka una uzito. Jale akaanza kula kwangu tena.

Wakati huo Eyotaru alijifungua binti. Sikumpenda Eyotaru, sitajifanya leo. Lakini homa ya uzazi ilimshika nami nikamkanda kwa maji, na akafa akiwa ameshika kidole changu, labda akidhani ni cha mama yake. Mtoto akabaki. Maziwa ya kopo hayapatikani Koboko nzima siku hizi, ya mbuzi aliyatapika, na wake wa shemeji zangu wote walikuwa wamekwisha kuwaachisha watoto wao ziwa. Kilio chake kikawa chembamba, kisha kikaanza kukosekana.

Mama mkwe akaingia kwangu bila hodi. Akamweka mtoto mapajani mwangu, akaketi mlangoni akinipa mgongo. “Wewe iko na maziwa,” akasema. “Mimi najua.” Nikamwambia yamekauka, dawa imeyamaliza. Akasema nijaribu.

Nilijaribu, Yaya. Mwanzoni alinyonya hewa, akakasirika, akalala, akaamka, akanyonya tena. Nililiacha titi mdomoni mwake mchana na usiku mpaka maziwa yakarudi, kwanza matone, kisha mengi. Na tangu alipowekwa mapajani mwangu sijameza kidonge hata kimoja. Hiyo ndiyo sababu siku zangu zimekoma. Sina mimba. Tumbo langu ni tupu.

Kila jioni Jale huniuliza kama nimemeza, nami hujibu nimemeza. Nilirudi kwa daktari. Alinieleza wazi kwamba vidonge vitaua maziwa, na kwamba nikingoja mtoto huyu akue, huenda nafasi yangu ikapita isirudi. Hakuniamulia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua njiani, nilipoona sehemu ya blauzi imelowa na sikuificha.

Usinione shujaa. Nilimtaka mtoto wa tumbo langu, na bado namtaka. Kuna nyakati huyu akinyonya mimi namlilia yule mwingine, na machozi yanamdondokea usoni, naye anakunja uso tu na kuendelea na kazi yake.

Jumapili wazee walikuja kumaliza matanga ya Eyotaru. Mzee Enoch, kwa mazoea yake, akanigeukia tena mbele ya watu kuuliza kama niko tayari kulitaja jina la mtoto wangu. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema kutoka jikoni: “Mutoto iko hapa. Jina yake Mindra. Sasa acha yeye anyonyeshe.” Hakuna aliyeuliza tena.

Nisamehe furaha niliyokuvunjia. Vidonge vilivyobaki nimevifunga vizuri, na leo jioni Jale akiuliza nitamwambia ukweli. Lakini nguo usiziombe. Ile ya njano inambana tayari, maana amenenepa. Ukishona tena, ongeza mikono na mapaja. Kofia nimempa paka.

Mfikishie shemeji shukrani zangu, mwambie debe lake halikwenda bure. Elena msalimie, naye apunguze kutangaza. Mungu awalinde, barabara hizi zikiwa hivi zilivyo, nawe uje, Yaya, umwone.

Mdogo wako akupendaye,
Alphonsine, mama Mindra