Wiki ya Kufumua Jina la Ngazi

Jumatatu, 4 Machi

Wamemuuza Ngazi! Ndivyo mtaa unavyosema, na mtaa haujali usahihi. Hawajamuuza, wamembadilisha. Timu yetu ya kikapu inamtoa yeye, inapokea wachezaji wawili wa timu pinzani. Mikataba imesainiwa, vimebaki vipimo vya daktari. Redio ilitangaza asubuhi, na kabla chai haijapoa duka la ushonaji la mdogo wangu lilikuwa limejaa mashabiki.

Wameleta fulana. Hapa shabiki anayejiheshimu havai jina la kuchapwa, eti huchunika. Analeta fulana kwa mdogo wangu, naye anashona NGAZI mgongoni, herufi moja moja, za kitambaa cheupe. Leo wanataka zifumuliwe. Zote. Leo hii!

Wa kwanza fundi bomba. Alimtupia mdogo wangu fulana kama anayerudisha samaki aliyeoza. "Toa hilo jina, mama. Msaliti mkubwa."

Nikamuuliza: mtu aliyeondolewa na viongozi bila kuulizwa amemsaliti nani? Nikamweleza tofauti ya kuondoka na kuondolewa. Kwa mifano. Alisikiliza huku akichokonoa meno.

"Mwalimu," akasema, "kikapu si darasa."

Ni kweli. Darasani hata wa mkiani huwa amesikia swali.

Na anajua fika aliyekuwa akimwambia. Ngazi ni mtoto wa mdogo wangu, wa pekee. Fundi bomba alihudhuria ubatizo wake — hapana, nisimsingizie, alikuja tu kula pilau. Sherehe ya nini hakuuliza.

Mdogo wangu alichukua wembe, akaanza kukata nyuzi za herufi ya mwisho. Nikavaa miwani, nikachukua wembe mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Tumefumua kutwa. Jambo la kuchekesha: jina halitoki. Kitambaa kilichokuwa chini ya herufi hakikupigwa na jua, kimebaki na rangi yake, pembeni kumepauka. Kwa hiyo ukitoa NGAZI nyeupe unapata NGAZI ya bluu iliyokoza. Niliwaeleza mapema. Nani alisikia? Sasa wanalalamika kana kwamba jua ni letu.

Karani wa bohari amekuja na hesabu zake. Anasema tumepata faida: wawili kwa mmoja.

"Wawili wenyewe mmoja hajui hata kudunda mpira," fundi bomba akamwambia.

"Lakini ni wawili!"

Mtu huyu ndiye anayehesabu magunia ya watu.

Waliendelea hivyo hivyo, hatua tatu kutoka kwenye cherehani ya mama wa mtu. Mmoja alikumbuka adabu akasema, "Usijali mama, ni mambo ya mpira tu." Mdogo wangu akatabasamu. Mimi nisingeweza.

Ngazi alipiga simu. Yuko hotelini, anasubiri vipimo. Mama yake akauliza habari za goti lililokuwa likimsumbua. Goti zima, mama, zima kabisa. Alipokata simu mdogo wangu akasema: akisema kitu mara mbili, ujue hakipo.

Jumatano, 6 Machi

Imevunjika! Daktari wa timu pinzani amepiga goti picha, akaitazama, akatikisa kichwa. Hawamtaki. Wale wawili hawaji. Ngazi anarudishwa.

Ungedhani watu wenye akili wangeuliza jambo moja tu. Thubutu.

Fundi bomba: viongozi wetu wazembe, wangemwambia asichechemee mbele ya daktari. Karani: ni ujanja wa wapinzani, wameona hesabu haiwapendelei. Msusi wa jirani ndiye aliyeshinda: "Kachechemea makusudi! Hataki kutuacha!" Wakampigia makofi. Msusi mwenyewe akaanza kuiamini akiwa bado anaisema.

Mchana fulana zikaanza kurudi. Zile zile.

"Mama, turudishie jina la mwanetu," fundi bomba akasema.

Mwanetu! Jumatatu msaliti, Jumatano mwanetu. Nikamweleza kwamba kitambaa kina matundu ya sindano, ukishona palepale kitachanika. Lazima herufi zikatwe kubwa zaidi, mshono upite nje ya ule wa zamani.

"Hasa! Na liwe kubwa!" Akawageukia wenzake kifua mbele, kama wazo ni lake.

Mdogo wangu akasimamisha cherehani. "Goti lake likoje? Kuna aliyesikia?"

Karani akaanza kukunja fulana yake. Kisha fundi bomba: "Litakuwa sawa, mama. Jumamosi kwenye mechi atawaonyesha."

Alhamisi, 7 Machi

Ngazi amerudi nyumbani. Anapanda ngazi za nyumba mguu mmoja mmoja, akijifanya anasoma simu ili tusione.

Viongozi wanataka acheze Jumamosi. Daktari wa timu yetu anasema goti zima. Daktari huyo ni shemeji wa mwenyekiti.

Nilimweleza kijana habari za gegedu: ni mto laini kati ya mfupa na mfupa, na ukiisha hauoti tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Mtu wa kwanza wiki hii.

"Najua, mama mkubwa. Lakini nikikaa benchi, watasema yule daktari wa wapinzani alikuwa sahihi. Nani atanichukua tena?"

Si mjinga huyu. Ndiyo maana inaniuma.

"Na ukicheza?" mama yake akauliza.

Akaomba chai.

Ijumaa, 8 Machi

Vidole vinauma. Mjadala wa leo dukani: jina lake liimbwe akiingia uwanjani, au akifunga kikapu cha kwanza? Fundi bomba anataka akiingia. Karani anataka tusubiri, "tusimpandishe presha." Walikaribia kushikana mashati kwa jambo hilo. Mashati yenye jina lake.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika hapa dukani, haraka haraka.

Ngazi amekuja na bukta ya mechi. Anataka pindo lishushwe, vidole viwili tu, lifunike bandeji. Basi la timu linasubiri nje. Mashabiki wamemwona akiingia. Sasa wanaimba jina lake, na fundi bomba ndiye anayeongoza.

Tumefunga mlango kwa sababu kijana hana nguo. Amejifunga kipande cha bitana kiunoni, mtu mrefu kiasi hicho! Suruali yake mama yake ameikalia.

Kushusha pindo ni kazi ndogo. Mdogo wangu ameshusha, akashona, akainua juu akatazama. "Limepinda." Akafumua. Halikupinda, miwani yangu ni mpya. Akashona tena. "Limepinda."

"Mama," Ngazi akasema.

"Siwezi kukutoa mbele za watu na pindo baya."

Dereva akagonga dirisha. "Mama, bado sana?"

Mdogo wangu akanitazama. Basi nikaenda dirishani nikamweleza dereva kwamba pindo si pindo tu. Kwanza kuna uzi. Kuna wa pamba, kuna wa nailoni, na kila mmoja una tabia yake ukilowa jasho. Nikamweleza tabia hizo. Fundi bomba akapaza sauti nyuma yake: "Mwalimu, si sasa!" Nikamwambia swali zuri, nitalifikia.

Dereva amekwenda kumpigia kocha simu, ndipo nimepata nafasi ya kuandika. Wanaimba bado. Ngazi amenyoosha mguu juu ya stuli, kiganja juu ya goti. Hajaomba suruali yake. Mama yake ameshika wembe, pindo limepinda tena.

Dereva anarudi. Niliishia kwenye uzi. Sindano bado.