Kobe Kwenye Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Siamini. Tumepata mnunuzi! Kampuni ya mashine za kufulia inataka leseni ya mashine pepe yetu – ile programu ya Profesa inayokaa ndani ya kifaa kidogo na kuendesha programu nyingine. Muda wote huu nazunguka nayo, narudi mikono mitupu. Leo wamekuja wenyewe. Profesa kawaonya, kama kawaida yake: ikiwashwa muda mrefu kumbukumbu hujaa, na inasimama kujifagia. Wakati mwingine dakika nzima. Kisha akacheka, ndevu zote zikatikisika – nguo zitangoja, hazipumui.

Ijumaa, 8 Machi

Wametia saini. Hawakubishana! Masharti yangu ni mawili: isitumike popote ambapo ikisimama mtu ataumia, na kila inapowashwa, kobe wetu, alama ya programu, aonekane kwenye kioo cha kifaa. Kobe nilimchora mwenyewe. Mwanasheria wao kasema mambo ya kobe ni utoto. Nikashikilia. Bosi alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Jumanne, 7 Mei

Wameomba leseni maradufu. Nguo gani hizo? Nimemuuliza Bosi. Kasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mteja ni mgeni, hahojiwi. Haya. Ila roho yangu haijatulia.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama kalazwa. Kesho anapasuliwa nyongo. Anaogopa lakini anajikaza. Kamtania daktari, eti akikuta dhahabu humo tumboni wagawane. Nimecheka naye. Nilipotoka nje nikalia.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika haraka, sijui kama nitaweza kusoma haya baadaye.

Nesi kawasha mashine ya kupumulia, ile atakayowekewa Mama akishalala kwa dawa. Kobe! Kobe wangu, anainua kichwa vilevile nilivyomchora. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikamwomba nesi azime, awashe tena. Kobe.

Nimempigia Profesa. Kasema kwa sauti ya chini – mtoe mama yako hapo. Profesa kamwambia Bosi, naye kapiga: nifunge mdomo mpaka aongee na mwanasheria, leseni hii ndiyo inayotulisha sote. Nimemkatia.

Mama alikuwa ananitazama tu. "Si wewe ndiye unayezijua hizi mashine, mwanangu? Ukisema twende kwenye upasuaji, twende."

Nimesema hatuendi. Kakubali, kajifunika shuka. Hata kuuliza sababu hakuuliza, na hilo ndilo limeniumiza.

Nikamweleza nesi kila kitu. Kanishika bega. Kasema dada, tulia, hofu ya upasuaji ina mambo yake. Mashine ni mpya kabisa. Chumba cha pili kuna mzee, nyingine kama hii inampumulia tangu jana, na hajapata shida yoyote.

Tangu jana, bila kuzimwa.

Sijui uso wangu ulikuwaje, maana nesi kaacha kutabasamu, kakimbia kumtafuta daktari. Mimi nimekuja huku kwa mzee. Naandika ili nisipige kelele. Binti yake kanisogezea kiti, kadhani ni jamaa nimekuja kumjulia hali. Karibu dada, kaniambia, leo baba anapumua vizuri. Kisha kauliza ninamfahamu baba yake kutoka wapi.

Kifua cha mzee kinapanda, kinashuka. Nahesabu kila pumzi.