Kuvu Wetu Amewamaliza Funza

Baba Wambui wangu,

Hapa Molo kumeamka na ile baridi ya kukuvalisha makoti mawili na bado ulalamike. Nimekunywa chai peke yangu. Mpaka leo napika ya watu wawili.

Unakumbuka msimu ule funza walipotoboa waru zetu zote, viazi vizima vizima, chini ya udongo, huku majani yakipendeza ajabu? Afisa wa kilimo akatuletea unga wa kuvu. Ukinyunyizwa udongoni, alisema, kuvu anamshika funza na kumla polepole. "Hii dawa iko hai, muichunge."

Ukacheka: "Iko hai? Basi tuipikie chai!" Halafu ukaichanganya na dawa ya baridi, ile ya kuzuia ukungu wa majani, kwa pampu moja, maana mkulima wa Molo akibeba pampu bila dawa ya baridi anajiona uchi. Kumbe dawa ya baridi inaua kuvu! Funza wakala mpaka wakasaza. Nikakuita profesa, ukanuna, ukaenda kulala bila kula.

Tulipokuzika, Wambui akataka nihamie kwake mjini, Milimani. "Mum, hiyo shamba itakumaliza." Tukaelewana kwamba waru zikiharibika tena msimu huu, nakodisha shamba na kuhama. Mimi sikutaka. Wewe umelala hapa nyuma ya nyumba, ningekuacha na nani?

Basi nikaosha pampu mpaka vidole vikafa ganzi, nikanyunyiza kuvu peke yake, jioni, mvua ikiwa imelowesha udongo. Dawa ya baridi nikaipa pampu ya kuazima. Jirani yetu Mama Chebet akaniuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Wambui, unatibu udongo? Kwani ni mgonjwa?" Wewe ungemjibu. Mimi niliendelea kunyunyiza.

Leo nimechimba. Waru ni safi, hazina hata tundu moja. Na funza, wee! Wamekauka kabisa, wameota manyoya ya kijani ya kuvu. Nikamweka mmoja kiganjani, nikageukia nyumba nikaita kwa nguvu, "Baba Wambui, kuja uone!"

Ng'ombe akainua kichwa, akarudi kula. Nikalia hapo hapo, matope mpaka magotini.

Wambui amepiga simu mara mbili kuuliza waru zikoje. Sijashika. Nimeshinda, hakuna wa kunihamisha sasa. Lakini nilipoita na asiitike mtu, nilijua kwamba msimu mzima nilikuwa nalima ili nikuonyeshe.

Pumzika, mume wangu. Udongo ulio juu yako nitaupalilia kesho.

Mkeo,
Mama Wambui