Shamba la Margareti

Leeds, 3 Machi 1974

Baba mpenzi,

Natumaini kifua kimetulia baridi ilipopungua, na mama hajambo. Mimi mzima, ila furaha inaninyima usingizi. Clive Sugden amenichumbia, nami nimekubali. Harusi ni Juni, kanisani kwetu Sowerby. Nakuomba unishike mkono unipeleke mbele ya kasisi. Nimejaribu kuiwaza siku hiyo bila wewe, picha haiji.

Binti yako,
Enid

Sowerby, 10 Machi 1974

Enid,

Salamu zimefika. Nakohoa kama kawaida, mama yako anaimba jikoni. Clive ni kijana mwema, ingawa kwenye bendi yetu anapuliza tarumbeta kama mbuzi mwenye homa. Lakini nina binti mmoja, sina kaka, na binamu yangu wa mwisho alikufa kapera. Ukitoka kanisani wewe ni Sugden, na jina letu la Murgatroyd linabaki juu ya kaburi langu tu. Wanaume wamelibeba jina hili, baba hadi mwana, miaka yote. Usiniombe nikalizike kwa mkono wangu. Mjomba wako atakupeleka.

Baba

Leeds, 19 Mei 1974

Baba,

Hamjambo huko? Nimekaa kimya kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa ya hasira, nikaichana. Mwishowe nikafanya ninachokijua: nikasoma. Mwalimu wangu wa historia chuoni akanieleza kwamba jina letu lilianzia mlimani, upande wa Warley. Nikapanda basi nikaenda. Mama mwenye shamba la pale alinitazama kabla sijafungua mdomo. "Murgatroyd, siyo? Kidevu hicho! Ingia, chai iko tayari."

Baba, maana ya jina letu ni shamba la Margareti, lililofyekwa msituni. Waliokaa pale waliitwa kwa shamba lake, yapata miaka mia sita iliyopita, wakashuka na jina hilo bondeni kufuma sufu. Margareti mwenyewe alikuwa nani, hakuna ajuaye. Nilisimama kwenye majani yake, upepo ukinipiga, nikacheka peke yangu. Mmebeba jina la mwanamke. Basi nami naweza kulibeba. Nitabaki Murgatroyd, sheria hainikatazi. Clive anasema watoto nao walichukue: "Sisi Sugden tuko ndugu watano, hatutaisha."

Mjomba simtaki. Nakutaka wewe.

Binti yako,
Enid

Sowerby, 4 Juni 1974

Mwanangu,

U mzima? Sisi tunacheka tu. Niliwasomea wenzangu wa bendi barua yako. Harold akaangua kicheko: "Amos, unavyojigamba, kumbe wewe ni wa Margareti!" Nikamjibu, "Angalau sisi tulikuwa na shamba."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nitakupeleka. Hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Vizuri. Na jina langu la usichana, Greenwood, je? Nililizika siku ya harusi yetu, na hukuvaa hata kitambaa cheusi."

Nilivua kofia, Enid, nikaivaa tena. Akaniacha nihangaike, halafu akacheka mpaka akashika meza.

Suti yangu imekataa kufunga tumboni, mama yako anaipanua sasa hivi. Nitakuwa mlangoni mwa kanisa kabla ya kasisi. Na ameshatoa amri: mjukuu wa kwanza Murgatroyd, wa pili Greenwood, akina Sugden wapange foleni. Mwambie Clive taratibu, akiwa amekaa.

Baba yako