Aliyesema Umekufa

Majengo, Nanyuki
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Nimekwisha kuandika tarehe, na kabla ya kukujulia hali naweka ahadi: katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata lile ambalo sijamweleza Mama. Ukiona nimezunguka kabla ya kulifikia, usidhani nalificha. Ni mkono tu unaoogopa.

U hali gani, Baba? Goti lako linaendeleaje na vumbi la Marsabit? Sisi huku hatujambo. Baridi ya mlima imemshika Mama kifua lakini anaendelea kuuza maziwa. Muslima ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya watu. Mimi nasoma. Mwalimu Mwai wa Kiingereza anasema nikishika hivi hivi, mwakani nitafanya vizuri mtihani.

Sikupigi simu kwa sababu simu ni ya Mama, na yako mara nyingi haipatikani. Barua hii nampa Khadar, ambaye kesho anarudi huko na lori tupu kuchukua mbuzi. Amesema Ijumaa asubuhi atakuwa Nanyuki tena. Nakuomba umpe jibu siku hiyo hiyo atakayokupata, kwa sababu Jumamosi kuna mkutano wa kikundi cha maziwa, na katika mkutano huo Mama Mugo anaweza kuvuliwa uenyekiti na kufukuzwa kabisa. Mama ndiye aliyemshtaki.

Najua hutaamini. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba Mama na Mama Mugo ni kama kibuyu na kifuniko chake, mmoja Msomali, mmoja Mkikuyu, mmoja wa ngamia, mmoja wa ng'ombe. Sasa wanapitana sokoni kama watu waliofiwa na wakagombania shamba. Acha nianze mwanzo.

Mwezi wa nane, tukiwa likizoni, walikuja wageni kumi na wawili kutoka Kanada, wote wanawake, wengi wao wa umri wa Nyanya. Walikuwa kwenye safari ya kutembelea vikundi vya akina mama wanaojiinua. Walikuwa wametoka Kutus kuona wanawake wanaokausha mboga, wakalala Nyeri, wakapita Endarasha kwa akina mama wa viazi, kisha wakaletwa kwetu waone maziwa. Aliyewaongoza ni Bwana Moffat, mtu wa Nyeri mjini, mwenye kofia ya ukili na karatasi ambayo hakuiweka chini hata alipokuwa akinywa chai.

Kabla hawajafika, kikundi kizima kilikuwa kimeingiwa na shaka. Mama alisema hakuna mtu anayevuka bahari kuja kutazama kibuyu. Mwanabibi alidai kwamba wanataka kuiba ujuzi wa kufukiza vibuyu, waende wakafukize kwao, kisha watuletee maziwa yetu wenyewe ndani ya mikebe. Mwingine alisema alisikia huko Kagio kwamba wageni kama hao walimpiga picha mama mmoja akiosha nyanya, na mwezi uliofuata uso wake ukaonekana kwenye pakiti ya kitu ambacho hata hakijui. Mama Mugo ndiye peke yake aliyecheka. Aliwauliza, "Ati waibe moshi? Moshi wenyewe sisi unatutoroka kila siku na hatujawahi kuushika!"

Lakini Mama hakucheka. Unajua yeye hufukiza kwa kuni za mutamaiyo tu, ule mzeituni wa porini, na kwamba harufu hiyo ndiyo inayowaleta wateja. Basi siku ya wageni alizificha kuni zake chini ya kitanda na akafukiza kwa mkaratusi, ili wakiiba waibe uongo. Baba, moshi ulijaa kibanda chote. Maziwa ya siku hiyo yalinuka kama ua lililoungua. Wageni waliyanywa kwa adabu na kusema ni matamu, na Mama akaninong'oneza kwamba sasa amehakikisha, watu wanaosifu maziwa kama hayo lazima wana lao jambo.

Mimi nilikuwa mkalimani. Mwalimu Mwai ndiye aliyemwambia Mama Mugo anichukue. Nilivaa sare ya shule, nikaipiga pasi mara mbili. Sikukuambia hili, lakini natamani siku moja niwe mkalimani wa kweli, wa mahakamani au wa mikutano mikubwa, mtu ambaye pande mbili zinamtegemea. Siku hiyo nilijiona nimeanza.

Kwa zamu, kila mgeni alikaa na mwanamke mmoja amwulize maisha yake. Aliyekaa na Mama aliitwa Bi Margareti, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Mimi nilikuwa katikati yao. Mama Mugo alikuwa amesimama nyuma yetu akipokea vikombe, na Bwana Moffat alipita na kalamu yake. Mazungumzo yalipokaribia kwisha, Bi Margareti alimshika Mama mikono yote miwili na kuanza kulia. Mama alishtuka, akaniuliza kwa nini huyu bibi analia. Nilimwambia ni moshi wa mkaratusi. Mama akamwonea huruma, akampangusa macho kwa ncha ya ushungi wake, na Bi Margareti akazidi kulia.

Wakaenda zao. Siku zikapita. Mwisho wa mwezi wa tisa gari likaleta kasha refu lenye jina la Mama. Ndani yake mlikuwa na jokofu linalotumia sola, na picha kubwa ndani ya fremu. Ilimwonyesha Mama akiwa na kibuyu mapajani, ametabasamu vizuri sana, na chini yake kulikuwa na mistari miwili ya Kiingereza. Nilikuwa shuleni. Niliporudi nilikuta Mama amekwisha kuitundika juu ya jokofu, ukutani, mahali ambapo kila mteja anaiona. Akaniuliza imeandikwa nini. Nilimwambia imeandikwa jina lake na kwamba ni mfanyabiashara hodari.

Siku sita picha ilikaa pale. Mama alikuwa akiifuta kila asubuhi kabla ya kufungua. Maziwa hayakuharibika tena ikifika saa nane, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiimba.

Siku ya saba aliingia Mzee Usman, yule anayeuza majani ya chai Nyeri mjini, ambaye alisoma zamani mpaka chuo. Alinyanyua macho kwenye picha, akasoma, akavua kofia. Akasema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Mama Bisharo, Aden ametutoka lini, na mbona hatukuambiwa?"

Mama alidhani habari imetoka Marsabit na Mzee Usman ndiye aliyetumwa kuileta. Aliketi chini, palepale, katikati ya mitungi, akapiga ukelele uliosikika mpaka msikitini. Watu walijaa. Mikeka ikaletwa, mtu akaja na sukari, mwingine na majani, na jirani yetu Mzee Najib akaanza kuuliza kama mwili utasafirishwa au utazikwa huko huko. Mama Mugo alifunga duka lake na kuja mbio bila viatu, akamkumbatia Mama na kulia naye. Ni Mwanabibi aliyekuwa na akili ya kumpigia Khadar. Khadar akasema mbona hafahamu matanga hayo, alikuona Jumanne iliyopita umekaa unakula pilau na afya yako yote.

Kilio kikakatika ghafla. Mama alichukua simu, akashukuru Mungu, halafu akamwuliza Khadar pilau hiyo ilipikwa na nani. Khadar akasema mtandao ni mbaya.

Ndipo wakaanza kumtafuta aliyekuzika. Mzee Usman aliisoma picha kwa sauti, akaitafsiri: Kafia, mjane shujaa wa Nanyuki, aliyefiwa na mume wake na kubaki kulea mabinti wawili kwa maziwa ya ngamia. Wanawake wakatazamana. Nani siku ile alikuwa anajua Kiingereza? Nani alikuwa amesimama nyuma ya Mama? Nani alijaza fomu za kikundi na kumpa Bwana Moffat? Jibu la yote matatu likawa Mama Mugo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sare yangu, na hakuna aliyenitazama. Kwao mimi ni mtoto wa nyumba, na mtoto hawezi kumzika babake.

Mama Mugo alidhani ni mzaha. Alisema, "Mimi nimzike Aden wa nini? Nikitaka kuzika mwanamume si nitaanza na Gicheru wangu, ambaye yuko karibu na anakoroma?" Siku nyingine Mama angeanguka kwa kicheko. Siku hiyo alimwambia atoke kwenye kibanda chake.

Tangu hapo kila mtu anamchungulia mwenzake. Mwanabibi anasema Mama Mugo alipanga na Bwana Moffat ili kikundi kipate vitu. Wengine wanasema Mama mwenyewe alijua na sasa anajitakasa. Mama akisikia hivyo anaondoka bila kuaga. Amelifunika jokofu kwa gunia na kuchomoa nyaya zake. Anasema hawezi kuhifadhi riziki ya watoto ndani ya kifo cha baba yao. Maziwa yanaganda mchana kama zamani na anayamwaga. Picha ameigeuza ikatazama ukuta. Amesema Jumamosi Mama Mugo aape mbele ya kikundi, na yeye ataleta msahafu aape pia. Mama Mugo ameitikia. Amesema ataapa kwa Biblia yake huku amesimama, na baada ya kuapa hataki tena kumwona mtu yeyote wa kikundi kile alichokianzisha kwa mikono yake.

Jumatano iliyopita alikuja shuleni. Aliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, tukaongea karibu na bomba la maji. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Bisharo mwanangu, wewe ulikuwa katikati yao. Umewahi kunisikia nikiwaambia wale wageni kitu kuhusu babako?" Nilimwambia sikusikia vizuri, kulikuwa na moshi. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Halafu akanipa karanga alizokuja nazo, akaniambia nisome kwa bidii, akaenda. Sijui kama anajua. Nadhani anajua na anangoja niseme mwenyewe, na hilo ndilo linalonitesa kuliko kama angenipiga.

Baba, sasa nimefika.

Mama Mugo hakusema neno. Bwana Moffat hakuandika la kwake. Bi Margareti aliuliza mume wa Kafia yuko wapi. Nilimgeukia Mama nikamwuliza. Mama alikuwa anatikisa kibuyu, hakuacha kukitikisa, akajibu, "Mwambie yuko safarini, anatutafutia." Hilo tu. Nilikuwa tayari kulisema. Nilianza hata kufungua mdomo. Lakini yule bibi alinitazama mimi, si Mama, na akaniuliza kwa upole ni lini nilimwona baba yangu mara ya mwisho, na atarudi lini.

Nilimwona siku nne baada ya Idi ndogo. Idi kubwa ikapita. Atarudi lini, sijui.

Nimechoka na neno hilo, Baba. Walimu wakiniuliza nasema sijui. Muslima akiniuliza namwambia kesho. Mama hata haulizi tena, ila Khadar akifika anamtazama usoni kwanza kabla ya kutazama mzigo. Na Khadar anatazama matairi. Mtu aliyekufa, watu wake wanajua alipo. Basi nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa Kiingereza kizuri ambacho Mwalimu Mwai angekipa alama zote, kwamba baba yetu alifariki na Mama anatulea peke yake.

Haikuwa kwa ajili ya jokofu. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametaja jokofu. Nasema hivyo ili ujue, si ili unisamehe upesi. Nilifanya vibaya mara nne: nilipokuzika, nilipomwambia Mama ni moshi, nilipomdanganya kuhusu maandishi ya picha, na pale kwenye bomba, ambapo ningeweza kumwokoa Mama Mugo kwa sentensi moja. Niliaminiwa na pande mbili nikazisaliti zote mbili.

Sitaacha waape. Ijumaa, Mama akirudi kutoka msikitini, nitamwambia, halafu nitamwomba twende pamoja kwa Mama Mugo nikaseme mbele ya wote wawili. Ikibidi nitarudia Jumamosi mbele ya kikundi. Najua Mama ataniuliza kwa nini, na nikimweleza kwa nini, nitakuwa nimesema kwa sauti jambo ambalo yeye analifunika kila siku. Ndiyo maana nimeanza na wewe. Wewe ndiye niliyekuzika, ni haki usikie kabla ya wengine.

Khadar ameanza kufunga turubai la lori, naona anaangalia upande huu. Muslima anakusalimu na kusema umletee mswaki wa mti, si wa dukani. Mwalimu Mwai anakusalimu pia, ingawa hajui ninachoandika. Salamu za Mama sikuletei, kwa kuwa hajui barua hii ipo, na nimeapa sitasema tena kwa niaba yake neno ambalo hakulisema. Mungu akulinde na akupe umri mrefu. Naomba dua hiyo kila baada ya sala, mara mbili zaidi ya zamani.

Ni mimi binti yako, Bisharo Aden, ambaye hatauliza pilau ilipikwa na nani, ila anataka jibu moja kwa mkono wa Khadar Ijumaa asubuhi: mtu akiniuliza tena baba yangu yuko wapi, na atarudi lini, nimwambie nini?